Tulivyochagua Maikrofoni ya Kondensa kwa Studio ya Ng'ambo

Studio ninayoifanyia kazi ipo Ng'ambo, Unguja, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya ukoo, ukuta mmoja ukipakana na karakana ya seremala na mwingine ukitazama uchochoro ambao bodaboda hazilali. Wateja wetu ni wa kila namna: waimbaji wa taarabu waliokwisha kupata wajukuu, madrasa zinazorekodi kaswida kabla ya Maulidi, watu wa matangazo ya redio, na vijana wa zenji fleva wanaokuja na biti zao kwenye simu. Kwa muda mrefu wote hao waliimbia maikrofoni moja ya dainamiki, ya aina ile inayoshikwa mkononi jukwaani, na kwa sauti kali ilitosha. Iliposhindwa ni kwenye udi na kwenye sauti za chini. Mguso wa risha juu ya uzi ulipotea, na kila nilipopandisha geini, yaani kiasi cha kukuza ishara, ili niupate, mvumo wa saundi kadi ulipanda pamoja nao.

Sababu ya upungufu huo imo katika umbile. Ndani ya dainamiki, utando umebeba koili ya waya inayocheza ndani ya sumaku, na koili hiyo, hata iwe nyepesi namna gani, ni mzigo ambao mawimbi ya sauti lazima yausukume kabla umeme haujapatikana. Kondensa haina mzigo huo. Utando wake ni plastiki yenye unene wa mikroni chache, iliyopakwa dhahabu, ikakazwa mbele ya bamba la chuma lenye vitundu. Vitu hivyo viwili vikichajiwa vinakuwa kapasita, yaani hifadhi ya chaji ya umeme, na utando unapotikisika umbali kati yao hubadilika, na volti nayo hubadilika. Ishara inayopatikana ni dhaifu mno kusafiri kwenye waya mrefu, kwa hiyo ndani ya maikrofoni yenyewe huwekwa transista au valvu ya kuipokea. Ya transista huendeshwa kwa volti 48 zinazopanda kupitia waya uleule unaoshusha sauti, na ya valvu huhitaji chombo chake cha umeme. Shure SM7B, dainamiki maarufu ya studio, hutoa takriban milivolti 1.1 kwa kila paskali moja ya shinikizo la sauti, ilhali Rode NT1-A hutoa milivolti 25. Tofauti hiyo, iliyo zaidi ya mara ishirini, ndiyo iliyonithibitishia kwamba saundi kadi yetu ya bei ya chini ingeweza kuendelea kutumika, na kwamba fedha zilizokuwepo ziende kwenye maikrofoni.

Hizo volti 48 zina kisa chake. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ilikuwa ikiitengenezea redio ya taifa ya Norwei, NRK, maikrofoni za transista, na kwa kuwa huko mwanga wa jua ni haba majira ya baridi, studio zao zilikuwa tayari na mfumo wa taa za dharura wa volti 48. Wahandisi wakautumia huohuo, na dunia nzima ikafuata. Kwetu, ambako taa ya dharura ni sehemu ya samani za nyumba, kisa hiki huwafurahisha vijana wanaojifunza kazi kuliko somo lenyewe.

Kondensa huja na utando mpana au mdogo, na kinachoitwa utando mpana ni ule wenye kipenyo cha karibu milimita 25 au zaidi. Upana unaipa maikrofoni ishara yenye nguvu kuliko mvumo wa saketi yake, na hilo ni jambo jema. Lakini upana huohuo hupotosha sauti za juu zinazoingia kwa ubavuni, kwa sababu wimbi fupi linalotoka pembeni haliufikii utando wote kwa wakati mmoja. Mtu anayetaka ganuni, ala ya nyuzi ya taarabu, isikike ilivyo, pamoja na hewa ya ukumbi mzuri inayoizunguka, atafanya vyema kutafuta kondensa ya utando mdogo. Sauti ya binadamu anayesimama mbele ya maikrofoni ni suala jingine, kwani upotofu wa pembeni haumgusi sana, na masikio ya wasikilizaji yameshauzoea kwa vizazi hata wanauhesabu kuwa ni uzuri.

Vizazi hivyo vinahesabika. Kondensa ilibuniwa na E. C. Wente wa Western Electric, Marekani, mwaka 1916, na ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, CMV 3 ya Georg Neumann, ilitoka Berlin mwaka 1928, mwaka uleule ambao Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Kisha zikaja U 47 ya Neumann mwaka 1949, C12 ya AKG ya Vienna mwaka 1953, halafu za Neumann tena, U 67 mwaka 1960 na U 87 mwaka 1967. Historia hii ina faida ya moja kwa moja kwa mnunuzi wa leo, maana kondensa nyingi za bei nafuu hubeba kapsuli, yaani ile sehemu yenye utando na bamba, zilizonakiliwa kutoka kwenye hizo, na inayonakiliwa zaidi ni K67, kapsuli ya U 67. Kapsuli hiyo kwa asili hupandisha sauti za juu, na wahandisi wa Neumann waliliona hilo, wakaweka katika saketi ya maikrofoni sehemu ya kuzishusha tena. Waigaji wengi walichukua kapsuli wakaiacha saketi. Ndiyo maana maikrofoni ya namna hiyo, ukiijaribu dukani kwa kusema maneno mawili matatu, hukuvutia kwa mng'ao wake, na ukirudi nayo nyumbani ukamrekodi mwimbaji wimbo mzima, masikio yanachoka kabla ya ubeti wa tatu.

Mng'ao huo niliujua vizuri kupitia maikrofoni ya kuazima, tulipomrekodi bibi mmoja ambaye sauti yake imesikika katika harusi za mjini tangu mimi sijazaliwa. Alivaa hedifoni, akasikiliza ubeti, akazivua taratibu.

"Mwanangu, huyo anayeimba humo simjui."

"Ni wewe, bibi."

"Basi mwambie apunguze makali."

Hakuwa na haja ya grafu kulitambua tatizo. Waimbaji wa taarabu wa mtindo wa zamani hutoa sauti yenye nguvu nyingi kati ya kilohezi 2 na 4. Ndiyo inayowawezesha kusikika juu ya fidla na akodiani bila kupiga kelele. Ukiiongezea sauti hiyo mlima mwingine juu ya kilohezi 8, unaongeza pale ambapo hapakuhitaji. Lugha yenyewe inazidisha jambo, kwa sababu Kiswahili kina s, z, sh na ch kwa wingi, na mtunzi akichagua kina cha "sha" au "zo", basi herufi hizo zinarudi mwisho wa kila mshororo, mahali palepale, kwa sauti iliyovutwa. Katika wimbo wa dakika kumi na mbili hapo pana makali ya kutosha kumkimbiza msikilizaji. Unaweza kuyapunguza baadaye kwa programu, lakini programu inayoshusha "s" hushusha pia uhai wa sauti inayoizunguka, na mimi nimeona ni afadhali kuanza na maikrofoni isiyohitaji dawa.

Hapo ndipo nilipoanza kupima kwa utaratibu. Wenzetu wenye studio, mmoja wao akiwa Dar es Salaam, walikubali kutuazima vyombo vyao kwa zamu, nasi tukakubaliana juu ya namna ya kuvilinganisha. Kila mwimbaji aliimba ubeti uleule, kwa umbali uleule, katika sehemu ileile ya chumba. Mwimbaji wa kike wa taarabu, msomaji wa kaswida mwenye sauti nyembamba, na kijana wa kurap mwenye kifua. Nilitunga pia aya fupi ya kusoma, iliyojaa "sasa", "siasa", "safisha" na "pepo za pwani", ili s na p zijitokeze bila kutafutwa. Kisha nikasawazisha ukubwa wa sauti wa rekodi zote kwa makini, kwa sababu rekodi iliyo kubwa zaidi kwa desibeli moja tu huonekana kuwa nzuri zaidi, na watu wazima wenye akili zao hubishana usiku kucha juu ya ubora ambao kwa kweli ni ukubwa. Mafaili yakapewa majina ya matunda na mtu ambaye hakuwepo wakati wa kurekodi, nasi tukasikiliza bila kujua lipi ni la nani.

Kusikiliza sauti peke yake hakutoshi. Tuliziweka rekodi ndani ya muziki kamili, tukazikandamiza kwa kompresa, chombo kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, kama ambavyo tungefanya kwenye kazi ya mteja, na hapo mpangilio wa upendeleo ukabadilika. Kompresa hunyanyua vitu vilivyokuwa vimejificha: pumzi, mate, mwangwi wa chumba, na zile "s" ambazo mwanzoni zilionekana za kiasi. Maikrofoni iliyoonekana butu kidogo ikiwa peke yake ilikaa vizuri kati ya fidla na besi, na iliyoonekana ya kifahari ikaanza kugombana na dufu na matwazi. Tangu hapo sijaamini jaribio lolote la maikrofoni lisilofika hadi kwenye miksi.

Karatasi za watengenezaji nilizisoma pia, na kitu cha kwanza ambacho kila muuzaji hukuonyesha ni mvumo wa ndani wa maikrofoni. Rode NT1 iliyotoka mwaka 2013 ina desibeli 4.5, NT1-A ina 5, Neumann TLM 103 ina 7, U 87 Ai ina 12 katika mkao wa kadioidi, yaani wa kupokea zaidi sauti za mbele, na Audio-Technica AT4040 nayo ina 12. Ukizitazama namba hizo juu juu utadhani U 87 Ai, ambayo bei yake inanunua pikipiki, ni chombo hafifu. Lakini chumba chetu, hata seremala akiwa amefunga na feni imezimwa, hakishuki chini ya desibeli 30 hivi. Mvumo wa desibeli 5 na wa desibeli 12 yote imezama chini ya kelele za chumba, na mtu anayeimba sentimita ishirini kutoka kwenye maikrofoni anavifunika vyote kwa mbali sana. Namba hiyo inapata maana ukirekodi udi mtulivu kwa umbali wa mita moja katika chumba kilichozibwa sawasawa, au ukirekodi usimulizi wa vitabu. Zinapofika desibeli 20, kama zilivyo kwa AT2020 ya kampuni hiyohiyo ya Audio-Technica, mvumo unaanza kusikika kwenye sehemu za kimya, ingawa kwa kijana wa kurap hakuna atakayeuona.

Kiwango cha juu cha sauti ambacho maikrofoni inavumilia kabla haijaanza kukwaruza kilitupa kazi zaidi ya mvumo. U 87 Ai inavumilia desibeli 117, na 127 ukibonyeza swichi ya kupunguza. AT4040 inafika 145 bila swichi kuguswa. Tunaporekodi kaswida, dufu hupigwa karibu na waimbaji, na mara mojamoja hutujia mtu na tarumbeta. Nilitaka pia kichujio cha kukata sauti za chini kuanzia hezi 80, kwani genereta la jirani na malori ya barabara kuu huingia kupitia sakafu na stendi, na nguvu yao ipo huko chini ambako mwimbaji hana kitu. NT1 na NT1-A za wakati huo hazikuwa na swichi ya kupunguza wala kichujio. Si dosari kwa mwenye chumba tulivu. Kwetu lilikuwa jambo la kuzingatia.

Nifike kwenye chumba chenyewe, kwa sababu kondensa ya utando mpana haina adabu ya kunyamazia mambo ya watu. Dainamiki ilikuwa inatusitiri. Kondensa ya kwanza iliyowashwa mle ndani ilileta randa ya seremala, adhana za misikiti mitatu zikipishana kwa sekunde chache, matone ya bomba la uani, na mwangwi mfupi wa kuta ambao sikuwahi kujua kwamba upo. Studio nyingi za huku zimebandikwa trei za mayai ukutani, na zetu tulizikuta zimo. Trei ya mayai ni karatasi nyembamba. Hutawanya kidogo sauti za juu na kuacha za kati na za chini zikirandaranda kama zilivyokuwa. Sponji nyembamba nayo humeza sauti za juu peke yake, hivyo chumba hubaki na uzito usiopendeza. Kilichotusaidia ni magodoro ya sufi yaliyosimamishwa nyuma na ubavuni mwa mwimbaji, yakiachwa na nafasi kidogo kutoka ukutani, pamoja na mablanketi mazito mlangoni. Ingawa kadioidi husikia kwa uchache kile kilicho nyuma yake, watu hudhani godoro liwekwe nyuma ya maikrofoni. Sauti inayodhuru ni ile inayogonga ukuta ulio nyuma ya mwimbaji na kurudi moja kwa moja usoni mwa maikrofoni, hivyo godoro la kwanza ni la mgongoni kwake.

Suala la mikao ya kupokea sauti lilizua mjadala mrefu kati yangu na mwenzangu. Yeye alitaka chombo chenye mikao mingi, mfano wa AKG C414 XLII yenye mikao tisa, akisema kwamba wanafunzi wa madrasa wangeweza kuizunguka maikrofoni iliyowekwa kwenye mkao wa kupokea pande zote. Hoja yake ilikuwa nzuri, tena mkao huo haunenepeshi sauti mtu anaposogea karibu, tofauti na kadioidi ambayo huongeza besi kadiri mdomo unavyokaribia. Lakini mkao unaopokea pande zote unapokea pia chumba kizima, na chumba chetu, magodoro au bila magodoro, si cha kujivunia. Tukakubaliana juu ya kadioidi pekee, na watoto wa kaswida tukawapanga kwa nusu duara, wenye sauti kali nyuma na wapole mbele. Ule unene wa karibu tumejifunza kuutumia: msomaji wa tangazo husogea hadi sentimita kumi, bibi wa taarabu hukaa kwenye thelathini, na alama zimebandikwa sakafuni kwa utepe.

Kabla ya kununua tulipita madukani Dar es Salaam, na hapo inafaa nitoe tahadhari. Kuna maikrofoni zenye umbo kubwa la kifahari, ganda zito na wavu unaong'aa, ambazo ndani yake mna kapsuli ndogo ya elektreti, yaani yenye chaji ya kudumu, isiyofika hata nusu ya upana inaoudai. Njia nyepesi ya kutambua ni kuimulika kwa tochi kupitia wavu. Kapsuli halisi ya utando mpana huonekana wazi, duara la rangi ya dhahabu lenye upana wa karibu sentimita mbili na nusu. Kuna pia nakala bandia za majina makubwa, hasa U 87, zenye sanduku la mbao na cheti kilichopigwa muhuri. Duka moja lilitupa bei ya chombo cha namna hiyo ambayo isingetosha hata kununua kapsuli yake halali. Tuliomba namba ya toleo ili tuihakiki kwa mtengenezaji, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwishowe tulinunua AT4040 kwa wakala. Katika majina yale ya matunda, TLM 103 ilikuwa imependwa sana na binti mmoja mwenye sauti laini ya hewa. Maikrofoni hiyo imetengenezwa kwa makusudi na mwinuko wa desibeli 4 hivi juu ya kilohezi 5, na mwinuko huo ulimpa kile alichokikosa. Lau studio yetu ingekuwa ya waimbaji wa namna yake, na mfuko ungeruhusu, jibu lingekuwa jingine. Kwa bibi na kwa wasomaji wa kaswida, AT4040 ilishinda kwa wasikilizaji wote isipokuwa mmoja, ambaye hadi leo anaitetea NT1 kwa utulivu wake. Dainamiki ya zamani haikutupwa. Vijana wa kurap wanaopenda kumeza maikrofoni bado tunawapa ile, hasa siku ambazo seremala ana kazi ya haraka.

Lililobaki ni hewa ya bahari. Kondensa inategemea kapsuli ambayo umeme wake haupaswi kuvuja hata kidogo, na unyevu wa masika ukitua juu yake pamoja na pumzi za waimbaji, maikrofoni huanza kutoa milio ya kupasuka pasuka kama mahindi kwenye chungu, mara nyingi katikati ya rekodi nzuri. Chujio la kitambaa mbele ya maikrofoni halizuii p peke yake, linazuia pia mate. Kazi ikiisha tunashusha spika, tunazima volti 48, tunasubiri kidogo ndipo tuchomoe waya. Kisha maikrofoni inaingia kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na pakiti kubwa za silika. Silika tuliyonayo ni ya rangi ya machungwa, na ikigeuka kijani ina maana imeshiba maji, basi huipeleka kwenye oveni ya jirani anayeoka mikate, ikakaushwa kwa moto mdogo na kurudishwa ndani ya boksi. Ikiwa maikrofoni imekwisha kuanza kutoa milio hiyo, hulala humo usiku mmoja au miwili bila kuguswa, na hadi sasa haijahitaji fundi.